Jinsi Nilivyochagua Amplifaya Kubwa

Wageni wakija kwetu kwa mara ya kwanza huiona kabla hawajaona kochi. Iko chini sakafuni, katikati ya spika mbili, nyeusi, pana, ina mapezi ya chuma ubavuni ya kutolea joto. Wanaume huuliza ina wati ngapi. Nami huwajibu, maana najua kuzungumza habari za amplifaya kuliko ninavyojua kuzungumza habari za watu. Nawaeleza uzito wake. Nawaeleza kwamba kazi yake ni moja tu, kuzipa spika nguvu, na kwamba kile kisanduku kidogo kwenye rafu ndicho kinachochagua muziki na kupandisha au kushusha sauti. Hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini chombo chenye nguvu zote hizo kinapigwa kwa sauti ya kunong'ona, na asiyeuliza namshukuru.

Nitasema sasa. Wakati nachagua amplifaya hii, chini yetu, ghorofa ya kumi, alikuwa amelala mzee mgonjwa wa kiharusi. Usiku maumivu hayakumpa nafasi. Usingizi wake ulikuwa wa mchana, kati ya saa nane na saa kumi na moja, na hizo ndizo saa nilizokuwa nasikiliza muziki. Mkewe alishindwa kuniambia. Mimi niliyekuwa najisifu kwamba nasikia tofauti kati ya waya na waya, hilo sikulisikia. Afadhali nisingelisikia kabisa. Nililisikia nusu, na ile nusu nikaifunika.

Nafanya kazi Malton, pembezoni mwa jiji la Toronto, Kanada, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Naingia alfajiri, natoka mchana, napanda mabasi matatu, na nikifika mtaani kwetu, Thorncliffe Park, ni saa nane. Mke wangu ni muuguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, yeye hurudi jioni. Watoto hatuna. Kwa hiyo zile saa tatu zilikuwa zangu, kiti kilikuwa changu, na hakuna mtu wa kunisemesha. Nilipokuwa mdogo, Morogoro, baba alichora mstari wa kalamu kwenye kitufe cha sauti cha redio, na aliyeuvuka mstari ule alijua kitakachompata. Nadhani ndiyo sababu nilipopata nyumba yangu mwenyewe nilitaka kitufe kisichokuwa na mstari.

Spika nilizinunua kwa mzungu mmoja mstaafu aliyekuwa anahamia nyumba ndogo. Ni spika nzuri sana, ila zina njaa. Amplifaya yangu ya zamani haikuziweza. Nikipandisha sauti kidogo tu besi inalegea na tarumbeta zinaanza kukwaruza. Basi nikashikwa na ile homa ambayo wanaoijua wanaijua. Nilisoma habari za amplifaya kwenye basi, nilisoma wakati wa chai, nilisoma chooni. Nikajiaminisha kwamba raha yangu yote hapa duniani imezuiwa na kitu kimoja, na kitu hicho kinauzwa dukani.

Mama wa chini nilikutana naye kwenye lifti. Alikuwa amejifunga mtandio, ana kikapu cha nguo kutoka kufua, na alikuwa anaongea na simu kwa Kiswahili cha Tanga, kilichonyooka, kile ambacho sisi watu wa bara tukikisikia tunajiona tumemeza nusu ya maneno. Yeye ni Mhindi wa pwani, familia ya Kishia, na babu yake na bibi yake wamezikwa Tanga. Alipokata simu nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba!" Akageuka mzimamzima. "Marahaba, mwanangu! Kumbe wa nyumbani! Wa wapi wewe?"

Lifti ilifika ghorofa ya kumi, akauzuia mlango kwa kikapu, tukaendelea kuongea mpaka lifti ikaanza kulia. Aliniambia watoto wake Kiswahili wanakielewa lakini wanamjibu kwa Kiingereza. Aliniambia na mzee ndiyo hivyo tena, ulimi umefungwa, mwaka wa pili sasa. "Nimebaki kuongea na masufuria," akasema, akacheka.

Jumamosi ile nikashuka kumjulia hali mzee. Kitanda chake kilikuwa sebuleni, kwa sababu kitanda kile cha hospitali, chenye vyuma pembeni, hakikuenea chumbani. Nakumbuka niliangalia juu, kwenye dari, nikajisemea hapa juu ndipo kiti changu kilipo. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba sikujua kitanda kilikaa wapi. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa heshima zake, na bado alikuwa amenyolewa vizuri na kupakwa mafuta. Alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akakishikilia. Akajaribu kusema kitu, hakikutoka, machozi yakamtoka. Niliogopa. Nilikaa dakika kumi, nikasema nitarudi wiki ijayo. Sikurudi.

Sahani ya kwanza ilikuja baada ya siku chache. Nilikuwa nimeweka muziki wa dansi, ule wa zamani wenye magitaa matatu, na nimeipandisha amplifaya yangu dhaifu mpaka inatokwa jasho. Nikasikia hodi. Ni mama, na sahani ya kachori imefunikwa kitambaa.

"Mwanangu, nimekukumbuka. Nikasema huyu katoka kazini, hajala."

Ukimkaribisha mtu mzima huwezi kumsemesha juu ya kelele. Nilizima. Akakaa kwenye kochi, mimi nikakaa kwenye kiti cha mezani, tukazungumza habari za Tanga na bei ya nazi za kopo hapa Toronto na jinsi zisivyo na ladha. Alikaa karibu saa nzima. Alipoondoka, ilikuwa imebaki kidogo mke wangu afike, sikuwasha tena.

Baada ya hapo zikawa zinakuja. Katlesi, mkate wa kumimina, bajia za dengu, kababu. Sahani yake sikuirudisha tupu hata mara moja, nilikuwa naweka machungwa, zabibu, siku nyingine pakiti ya majani ya chai, maana mama yangu alinilea hivyo na mama wa chini angeshangaa kama ingekuwa vinginevyo. Nilishagundua kwamba anakuja nikiwasha muziki. Siku nilizolala tu baada ya kazi hakuja. Nikapata jibu langu: mama anavutwa na muziki. Mtu wa Tanga, amekulia kwenye taarabu, sasa yuko ghorofa ya kumi na mgonjwa asiyesema, akisikia gitaa linalia juu moyo unamwenda. Niliwasimulia wenzangu kazini. Niliwaambia nina jirani ana umri wa mama yangu, akisikia spika zangu anapanda na chakula. Walicheka, nami nikavimba kichwa.

Na mwaka uleule, jamani, niliiandikia ofisi ya jengo barua kuwalalamikia watoto wa ghorofa ya kumi na mbili waliokuwa wanadundisha mpira juu ya kichwa changu. Nilitaja siku na saa. Nilikuwa nimeshajifunza namna ya hapa: ukikerwa, andika. Haikunipitia akilini kwamba mtu wa Tanga haandiki barua. Anapika.

Mwezi wa nne nikaenda dukani. Muuzaji alikuwa kijana mpole, hakunicheka kwa viatu vyangu vya kazi. Alinisikiliza nikieleza spika zangu, akasema kuna mbili anazoona zinafaa, lakini hataki nichague dukani. Kila chumba kina tabia yake, alisema, chukua zote mbili, kaa nazo wiki, kisha urudishe usiyoitaka. Ndogo ilikuwa nyepesi kiasi, wati si nyingi, inapata joto ukiiwasha hata kama hupigi kitu. Kubwa ilikuwa na nguvu mara nane ya ile, na tuliiingiza kwenye teksi watu wawili. Alinipa onyo moja. Ukizilinganisha, alisema, hakikisha zinapiga kwa sauti iliyo sawa kabisa, maana sikio la binadamu ni jinga, chenye kelele zaidi litadhani ndicho kizuri. Nikamwambia hilo nalijua, nimesoma.

Nilipoivuta kubwa kwenye kigari cha sokoni mpaka kwenye lifti, mama alikuwemo.

"Mashallah, friji mpya?"

"Amplifaya, mama. Ya kuongeza nguvu."

Nakumbuka aliitazama muda. "Ya kuongeza," akasema.

Siku ya tatu nikaamua kumpa heshima. Nilishuka, nikagonga, nikamwambia mama, wewe una sikio, njoo unichagulie. Alisita. Alitazama nyuma, ndani, kisha akavaa kandambili akanifuata. Sikuuliza nani anabaki na mzee. Nilimkalisha kwenye kiti changu chenyewe, katikati kabisa, ambapo sauti za spika mbili zinakutana, hata mke wangu hakai pale. Mikono akaiweka mapajani kama mtu aliyekwenda kwa daktari. Nikampigia ndogo kwanza, kipande cha taarabu chenye fidla na kanuni. Akasikiliza mpaka mwisho. Nikahamisha waya, nikapiga kipande kilekile kwa kubwa, na sauti sikuilinganisha. Niliipandisha. Nilitaka kubwa ishinde, ndiyo ukweli, nami nilikuwa nimeshaichagua tangu dukani. Ngoma ilipoingia glasi zikatikisika kabatini. Mama aliangalia chini. Nilidhani anaangalia zulia.

"Haya mama, ipi?"

"Hii ndogo," akasema haraka. "Hii ndogo ina adabu."

Nikacheka. Nilicheka kwa furaha kabisa, lile neno lilinipendeza, na baadaye nilimsimulia muuzaji. Nikaanza kumfundisha. Nikamwambia kubwa haina maana ya kelele, mama, nguvu zile ni akiba, ngoma ikipigwa ghafla isikwame.

"Nguvu zote hizo utazipeleka wapi, mwanangu, kwenye nyumba ya chumba kimoja na sebule?"

Nikacheka tena. Ndipo akasema, bado anaangalia zulia, "Na mzee naye anasikia kule chini."

Nimeyarudia maneno haya kichwani mara nyingi kuliko muziki wowote nilio nao. Hakuyasema kwa mafumbo. Aliyasema polepole, akanipa nafasi. Mtu mwenye akili timamu angeuliza, anasikiaje mama, inamsumbua? Mimi nilisema, "Kumbe! Basi mwambie nitamwekea vizuri zaidi."

Mama akaniangalia usoni. Akasema, "Ahsante, mwanangu," akainuka.

Jioni nikamsimulia mke wangu, nikicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anavua soksi zake za kazi, akaacha moja mguuni.

"Huyu mama anakuja saa ngapi?"

"Nikiwa nasikiliza."

"Kila mara ukiwasha?"

"Anapenda muziki."

"Wewe," akasema mke wangu, "mimi nashinda na wagonjwa wa stroke. Sauti ndogo tu inawatoa roho. Umewahi kumuuliza mzee analala saa ngapi?"

Nilikasirika. Nina hasira za karibu, hilo ni tatizo langu la siku nyingi, na zinakuja upesi zaidi pale mtu anapoweka kidole mahali penyewe. Nilimwambia anaona wivu kwa sababu mama anakuja wakati yeye hayupo. Nilimwambia mama mwenyewe kasema mzee anasikia, na mtu angekerwa angesema. Mke wangu akanijibu kitu kimoja tu: shuka ukamwone. Nikasema kesho. Kesho yake nikairudisha ndogo dukani. Wala sikushuka, kwa sababu kama ningeshuka ningejua, na kama ningejua ningelazimika kuirudisha kubwa.

Nisiwadanganye, ilipiga vizuri. Nimewahi kusoma watu wanaandika kwamba kitu walichokipata kwa ubaya hakikuwapa raha. Kwangu haikuwa hivyo. Nilikaa kwenye kiti changu wiki kadhaa nikiwa na raha kamili, besi inasimama wima, mwimbaji amesimama pale katikati ya ukuta kama ningeweza kumgusa bega.

Na mama akaendelea kuja. Alikuja mara nyingi zaidi kuliko mwanzo, siku nne kwa wiki, tano. Ila vyakula vilianza kubadilika. Kachori zikawa chache, kisha zikaisha. Ikaja sahani ya mkate wa dukani uliopakwa siagi na kukatwa pembetatu. Ikaja sahani ya biskuti za pakiti, zimepangwa mviringo kwenye sahani yake nzuri yenye maua. Siku moja lifti imeharibika akaja kwa ngazi, anahema, amebeba machungwa manne, na mawili yalikuwa na kile kibandiko cha duka la kwetu. Yalikuwa machungwa yangu mwenyewe. Niliyaweka kwenye sahani yake siku mbili kabla.

Niliyatambua. Nilimtazama mama, ana jasho juu ya mdomo na mtandio umekaa upande, nikayatambua machungwa yangu, na bado nilisema, "Karibu mama, umenikumbuka tena." Nikazima muziki. Tukazungumza. Sikumbuki tulizungumza nini.

Aliyenivua nguo ni binti yake. Ilikuwa mchana, siku ya kazi, nimekaa na muziki wangu, hodi ikagongwa kwa nguvu, si kwa namna ya mama. Nikafungua nikamkuta mwanamke wa rika langu, amevaa nguo za ofisini na soksi bila viatu.

"Hi. Wewe ndiye the music guy? Mimi ni binti ya Mama wa downstairs."

Nikamkaribisha. Hakuingia.

"Mama hajui nimekuja, she thinks niko laundry. Please usimwambie. Leo nimefanya kazi from home, so I saw everything. Baba hawezi kulala. Usiku hapati, ni mchana tu, and then you start. Anapiga kile chuma cha kitanda with his good hand. Hasemi, so he bangs. Na Mama anainuka, anatafuta kitu cha kuweka kwenye sahani." Akatazama nyuma, kwenye ngazi. "Leo hakuna kitu ndani, mimi ndiye ninayefanya shopping, I forgot. Nimemkuta anaosha zabibu sita. Six grapes. Nikamwambia, Ma, what are you doing? Akasema, napanda kwa jirani, akiniona atazima."

Nyuma yangu muziki ulikuwa bado unapiga. Nilikwenda nikauzima, nikarudi mlangoni.

"Nikamwambia just tell him! He's from home, si ni mtu wa kwetu? Unajua alisema nini?" Hapa Kiingereza kikamwisha, akalitoa lile neno kwa Kiswahili cha mama yake, kilichonyooka. "Alisema, 'Ataona haya.'"

Alishuka kwa ngazi. Nikabaki mlangoni. Aibu nilizozijua kabla ya siku ile zilikuwa aibu za kuonekana: umevaa vibaya, umesema Kiingereza kibovu mbele ya watu. Hii haikuwa na watu. Nilikuwa peke yangu kwenye kolido na mwili wote ulikuwa unawaka, na kilichoniwasha zaidi ni kwamba yule mama alikuwa amehesabu aibu yangu kabla yangu, akaona ni nzito, akaamua kuibeba yeye, ngazi kwa ngazi, ili isinifike.

Sikuwasha tena mchana. Mke wangu aliporudi nilimwambia yote, naye hakusema, "Nilikwambia," na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema tu, "Shuka basi." Nikasema siwezi, binti kaniomba nisimwambie mama, nikishuka na uso huu atajua. Ilikuwa sababu nzuri sana. Nikajificha nyuma yake.

Kimya kilipofika wiki, hodi ikagongwa. Mama, na sahani ya kachori za moto, zimejaa kama zamani.

"Mwanangu, mbona siku hizi kimya? Imeharibika?"

Pale ndipo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi, tulikuwa wawili tu, sahani iko mikononi mwake. Nilisema, "Ndiyo, mama. Imeharibika."

"Pole, mwanangu. Na ulivyoipenda." Alinipa pole kwa moyo, nilimwona, alisikitika kabisa kwa ajili yangu. Akakaa kidogo. Akaniambia mzee siku hizi amepata usingizi, analala kama mtoto. Nikasema Mungu ni mwema. Hakuna kati yetu aliyetazama ile amplifaya, nayo ilikuwa pale katikati, taa yake ndogo ya buluu inawaka.

Hiyo ilikuwa mara ya mwisho kuzungumza na mama wakati mzee bado yu hai. Sikushuka. Nilikuwa napita ngazi za ghorofa ya kumi nikiwa nimeinamisha kichwa, lifti ikisimama pale nabonyeza mlango ufunge. Nilijiambia nasubiri aibu ipungue kidogo ndipo niende kumwona mzee, nimshike ule mkono wa kushoto. Haikupungua, nami nikasubiri, na baada ya wiki tano mzee akafariki, mchana, usingizini.

Tulikwenda kuhani mimi na mke wangu, siku ya pili baada ya maziko. Milango ya kwao, ghorofa ya kumi, ilikuwa wazi, viatu vimejaa kolidoni. Wanawake walikuwa chumbani na mama, wanaume wamekaa sebuleni chini, kwenye mashuka meupe. Kitanda kilikuwa kimeondolewa. Pale kilipokuwa palikuwa na alama nne za magurudumu kwenye zulia, nikaoneshwa nafasi, nikakaa karibu nazo. Mke wangu akapitiliza ndani kwa wanawake. Binti alikuwa anapita na sinia la chai. Aliniona, akanipa kikombe, akapita.

Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, mdogo wake marehemu aliyetoka Dar es Salaam, akaniuliza kwa upole mimi ni nani, maana pale sebuleni nilikuwa Mwafrika mweusi peke yangu na wala sikujua dua. Nikafungua mdomo. Kabla sijajibu, sauti ya mama ikatoka chumbani, imekauka kwa kilio lakini imenyooka, kila mtu akaisikia.

"Huyo ni mwanangu wa juu, shemeji. Wa Morogoro. Huyo ndiye aliyekuwa akishuka kumwangalia ndugu yako. Kila siku akitoka kazini, hakukosa."

Sebule nzima ikanigeukia. Binti alikuwa amesimama na sinia, ananitazama, na nilijua mke wangu, ndani, amekaa kando ya mama na amesikia. Yule mzee akajivuta mpaka nilipo, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Macho yake yalikuwa yaleyale ya marehemu. Akasema yeye alikuwa mbali, hakuweza kuja kumwuguza kaka yake, na kila siku aliumia kwa hilo, na sasa moyo wake umepoa kwa kujua palikuwa na mtu.

"Mungu akulipe, mwanangu," akasema, "kwa yote uliyomtendea."

Wote walikuwa wananisubiri.

Nikasema, "Amina."